Nimfuate mume wangu Ruvuma au nimbane aache jeshi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Buswelu hapa Mwanza. Mume wangu ni daktari wa jeshi, ana cheo cha Kapteni, na huu ni mwaka wa nane wa ndoa yetu. Mimi nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nanunua kwa jumla, nafungasha, nawauzia wateja wa hapa nchini na wengine wanaotoka Kongo. Biashara yenyewe inakwenda na mwezi: giza likiingia napata mzigo, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na mimi nakaa na wanangu. Hatuna maisha mabaya.

Shida ilianza mume wangu aliporudi kutoka misheni Jamhuri ya Afrika ya Kati, alikokaa zaidi ya mwaka. Posho ya misheni ndiyo iliyopaua nyumba yetu, kwa hilo nashukuru. Lakini aliyerudi siye yule aliyeondoka. Halali. Saa nane za usiku namkuta sebuleni kakaa gizani, televisheni imezimwa. Mtoto wetu mdogo alikuwa amemsahau, akawa anamwita anko. Nilidhani atacheka au atakasirika, akanyamaza tu. Nikimuuliza ana nini, anasema amechoka. Huu mwezi wa tano sasa.

Juzi ameletewa amri ya uhamisho, anatakiwa aripoti kikosi kimoja Ruvuma, kule mpakani na Msumbiji. Mama mkwe wangu, yupo Misungwi, anasema mke humfuata mumewe, tena Ziwa Nyasa nalo lina dagaa, nitauza huko huko. Kaka zangu wanasema hapana, mwambie aache jeshi. Wanamtolea mfano mwenzake waliyesoma naye darasa moja chuoni: yule sasa ni bingwa wa watoto, ana kliniki Nyakato na gari zuri, wakati wangu bado ni daktari wa kawaida anayehamishwa na vikosi. Wanataka tuiweke nyumba rehani benki, tufungue kliniki yetu. Mume wangu mwenyewe hana msimamo. Leo anasema ataandika barua ya kuacha, kesho anasema jeshi lilimpokea wakati madaktari wenzake wamekaa mtaani hawana ajira.

Nimesoma mtandaoni kwamba Marekani jeshi linawasomesha madaktari wake bure na kuwalipa juu. Je, na kwetu iko hivyo? Ana tumaini la kusonga mbele akibaki jeshini? Na mimi nifanye nini: nimfuate, nibaki, au nimbane aache kazi? Mkubwa wetu yuko darasa la pili, mdogo ana miaka mitatu.

Mama wa Wawili, Buswelu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara macho yangu yanagota pale sebuleni saa nane za usiku. Umeuliza kuhusu uhamisho, kliniki na cheo. Kuhusu usingizi hukuuliza, umesimulia tu kisha ukapita. Mimi siwezi kupita. Mtu hajalala vizuri miezi mitano, na ukoo mzima umeketi kujadili kama aache kazi au asiache. Mtu wa namna hiyo hana hali ya kuamua jambo kubwa la maisha yake. Ndiyo maana leo anasema hivi na kesho vile. Msimsukume kuandika barua yoyote kwa sasa.

Daktari wa misheni anabeba mzigo ambao sisi wa nyumbani hatuuoni. Hospitali ya mjini mgonjwa huja mgeni na kuondoka mgeni. Kambini, anayeletwa na majeraha ni kijana aliyekula naye ugali asubuhi. Watu wengi bado tunaikumbuka Desemba 2017, walinda amani wetu waliposhambuliwa na kuuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, kule Kongo. Sisemi mumeo aliona ya namna hiyo. Sijui aliyoyaona, na wewe pia hujui, na huenda hatayasema yote maisha yake yote. Lakini kukosa usingizi, kukaa gizani, kunyamaza mbele ya mtoto aliyemsahau, yote hayo yakidumu kupita mwezi mmoja yanahitaji kuangaliwa na mtaalamu. Kiwewe cha vita ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una tiba: mazungumzo na mtaalamu aliyefundishwa, na wengine huongezewa dawa. Wengi hupona, wakarudi kazini na nyumbani wakiwa wazima.

Kikwazo chako ni kwamba mgonjwa mwenyewe ni daktari, tena ni ofisa. Madaktari ni wagumu sana kutibiwa. Wanajua majina ya magonjwa yote isipokuwa la kwao. Na ofisa anaogopa faili: kwamba akionekana kwa daktari wa akili, itaandikwa hajiwezi, na kupanda cheo kuwe ndoto. Hofu hiyo usiidharau wala usiicheke. Mpe njia asiyoiogopa. Bugando pale juu kilimani wana huduma ya afya ya akili, na anaweza kwenda kama raia yeyote, bila kumkuta mtu wa kikosini mwake kwenye foleni. Kama hilo nalo ni zito, aanze na padri au shehe wa jeshi, au na daktari mwenzake aliyewahi kwenda misheni. Hao hawahitaji kuelezwa mambo kutoka mwanzo.

Namna ya kumwambia pia ina uzito. Usimwulize aliona nini huko. Usimwambie amebadilika, maana hilo analijua kuliko wewe. Siku atakapokuwa ametulia, watoto wamelala, mwambie unachokiona kwa macho: "Baba Fulani, usiku wa jana na wa juzi ulikuwa macho hadi alfajiri. Naogopa. Naomba twende wote tukamwone mtu, nami nitakaa nje nikikusubiri." Useme hivyo kisha unyamaze, hata akikaa kimya muda mrefu. Akikataa, rudia wiki inayofuata kwa sauti ile ile. Ila akitamka kwamba heri afe, au ukimwona anaagana na watu kwa namna isiyoeleweka, usingoje kupambazuke. Usimwache peke yake, ita ndugu, mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mkuu wake ajulishwe ili asikabidhiwe silaha. Hapo aibu ya faili haina nafasi.

Sasa Ruvuma. Amri ya uhamisho jeshini si barua ya maombi, ataripoti. Lakini yeye kuripoti na ninyi kuhama ni mambo mawili, na kaka zako na mama mkwe wameyafunga pamoja bila sababu.

Mimi ni mtoto wa askari. Nimekulia kota, na ninakumbuka sanduku letu la chuma la kijani, namba ya baba imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Kila amri ikija mama alikuwa akizifunga sufuria kwa vitenge ili zisigongane, anaziweka chini kabisa, juu yake mashuka, halafu madaftari yetu. Ukiona madaftari yameingia sandukuni unajua marafiki basi. Mama yangu alikuwa fundi cherehani hodari, na kila kambi alianza upya kutafuta wateja. Akianza kujulikana, sanduku linafunguliwa tena. Baba alistaafu na kiinua mgongo chake, mama akastaafu bila kitu. Walipendana hadi mwisho, na sina lawama kwao. Lakini sitakushauri uingie njia hiyo wakati unayo nyingine.

Mama mkwe amesema kweli kuhusu Ziwa Nyasa, na dagaa wa kule ni watamu. Ila mtaji wako wewe uko kwa watu: mvuvi anayekuwekea mzigo kabla hajawauzia wengine, mama wa kuanika unayemwamini, mteja wa Kongo anayekutumia hela kabla ya kuona gunia. Hao hawapandi basi kwenda Mbamba Bay. Biashara hiyo ndiyo itakayowalisha watoto siku mambo ya jeshi yakikwama.

Kwa hiyo maoni yangu: kwa sasa baki Buswelu na watoto, yeye aende. Mkubwa wako aendelee na shule bila kukatizwa, hasa anakaribia upimaji wa darasa la nne. Likizo za shule muende Ruvuma, hata kama ni kukatiza nchi nzima kwa basi. Watoto wamwone baba yao akiwa na koti la daktari, walale kwenye nyumba yake, wajue anapooga na anapokula. Yule mdogo anayemwita anko hataponywa na simu za video peke yake. Sharti langu moja tu: asiende kabla hajaonana na mtaalamu, na awe ameshapata jina la mtaalamu mwingine wa kuendelea naye huko. Kumpeleka mtu asiyelala kwenye kota ya upweke mpakani ni hatari. Kama mtaalamu akiona asiende sasa, yapo maombi ya kitabibu ya kuahirisha uhamisho, na yeye kama daktari anajua karatasi hizo hupitia wapi.

Kuhusu Marekani. Ni kweli, wana mpango wa jeshi kumlipia kijana ada ya udaktari na posho ya kujikimu, na wana chuo chao cha udaktari wa kijeshi Bethesda, ambako mwanafunzi huwa mwajiriwa wa jeshi anayelipwa mshahara. Lakini anayehitimu pale hudaiwa miaka 7 ya utumishi, na muda wa kusomea ubingwa hauhesabiwi ndani yake. Kwetu mpangilio ni mwingine. Wengi huhitimu kwanza uraiani, miaka 5 ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ndipo wanaingia jeshini, wanapita ukuruta na kisha kozi ya uofisa Monduli. Kinachofanana ni kimoja: anayekulipia masomo anakudai miaka. Akisomeshwa ubingwa na jeshi, atasaini kurudi kulitumikia, na asome mkataba huo neno kwa neno kabla ya kusaini, wewe ukiwa umekaa pembeni yake.

Je, ana tumaini la kusonga mbele? Analo, tena kubwa, kuliko kaka zako wanavyodhani. Daktari wa jeshi anapanda ngazi mbili kwa wakati mmoja, ya taaluma na ya cheo, na kosa la wengi ni kuisahau ya kwanza. Cheo kina kozi zake, kutoka Kapteni kwenda Meja, hadi chuo cha ukamanda na unadhimu Duluti kwa wanaofika huko. Hizo atapangiwa. Ubingwa hatapangiwa akiwa amekaa kimya, lazima auombe. Vikosi vidogo vina wagonjwa wa malaria, wa mgongo na wa presha. Ni kazi ya heshima, lakini daktari akikaa humo miaka kumi mikono inapoteza ufundi.

Basi aanze sasa. Aombe nafasi ya kusomea ubingwa, na CUHAS, chuo kikuu cha afya, iko hapo hapo Bugando. Akipata barua ya chuo, aiambatanishe na ombi la ruhusa ya masomo kupitia kwa mkuu wake wa kikosi kwenda juu. Asiruke ngazi, jeshini ombi lililoruka ngazi hufa. Akikataliwa mwaka huu aombe tena mwakani. Ubingwa wa kawaida ni kama miaka 3, na akikubaliwa kusoma Mwanza, hiyo ni miaka 3 ya baba kurudi jioni Buswelu. Huenda wakampeleka Dar es Salaam, Moshi au Dodoma, na hata hivyo inafaa. Kama moyo wake uko kwenye kisu, lipo pia lile shirika la madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yake Arusha, ambalo mtu husomea ubingwa akiwa kazini hospitalini.

Achague nini? Mimi ningependa achague fani ambayo jeshi linaihitaji na uraia unaihitaji vilevile: upasuaji, mifupa, usingizi na ganzi, au tiba ya dharura. Daktari wa ganzi hakosi kazi popote nchini. Na ubingwa una faida nyingine ambayo mke wa mwanajeshi lazima aijue. Bingwa wa upasuaji hapelekwi kirahisi mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Atahamishwa, ndiyo, lakini mara nyingi kwenda penye hospitali kubwa, Lugalo au hospitali za kanda, na penye hospitali kubwa huwa pana shule na soko.

Wakati akisubiri, asiiache leseni yake ilale. Usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika ni wake yeye, jeshi haliumiliki, na leseni huhuishwa kila mwaka kwa pointi za mafunzo endelevu. Aandike kila upasuaji anaoufanya au kuusaidia, kila kozi, hata za misheni. Jeshini umri wa kustaafu hufuata cheo, na wengi huvua gwanda wakiwa bado na nguvu za kazi. Akivua akiwa bingwa mwenye leseni hai, hospitali za Mwanza zitamgombania. Akivua akiwa daktari wa kawaida aliyesahau kushika kisu, atapata kazi ya zamu za usiku kwenye zahanati.

Ndiyo maana nasema kuacha jeshi sasa ni mapema mno. Akiacha leo anatoka na shahada ile ile aliyoingia nayo, na anaingia mtaani kushindana na vijana waliohitimu jana. Tena ofisa haachi kwa kuandika barua na kuondoka. Anaomba, na ombi linaweza kukataliwa. Anayeondoka bila ruhusa ni mtoro, na utoro ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa. Hilo waambie kaka zako taratibu, maana naona wanadhani jeshi ni kibarua cha kiwandani.

Na nyumba msiiweke rehani. Hapa sina "labda". Kliniki inataka usajili, vifaa, maabara, mfamasia, wauguzi wanaolipwa kila mwezi hata wagonjwa wasipokuja, na daktari anayekuwepo. Daktari wenu atakuwa Ruvuma, hajalala. Yule mwenzake wa Nyakato alianza na ubingwa, kliniki ikafuata, na gari hatujui lina deni kiasi gani. Ujue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Benki ikileta fomu ya ridhaa, kalamu iko mkononi mwako. Usiishike kwa sababu kaka amekuja na soda.

Kabla hajaondoka kuna karatasi za kukamilisha. Cheti chenu cha ndoa kiwe kimewasilishwa kwenye kumbukumbu za kikosi chake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilevile. Jina la mtu wa kuarifiwa likaguliwe, maana vijana wengi huandika jina la mama siku ya kuandikishwa na kulisahau hapo baada ya kuoa. Mkubaliane kiasi gani cha mshahara kinaingia nyumbani kila mwezi, kitoke benki chenyewe bila kuombana. Kuombana pesa kwa simu kumevunja ndoa nyingi za kambini kuliko umbali.

Mama mkwe usimjibu kwa simu. Nendeni Misungwi wote wawili kabla ya safari, na mumeo ndiye aseme kwamba familia inabaki Buswelu kwa uamuzi wake na wako, na kwamba anaomba akusaidie na wajukuu siku za giza, mzigo unapokuwa mwingi Mwaloni. Akisikia kutoka kwa mwanawe atakubali. Akisikia kutoka kwako ataona umemkataa mwanawe.

Niandikie akishaonana na daktari.

Shangazi